Trei Aliyoifikia Mama

Nikiulizwa kazi yangu na mtu asiye na haraka, namwambia nazuia vitu vidogo visife. Nikiulizwa na mwenye haraka, namwambia mimi ni mwanafunzi, na kwa umri wangu jibu hilo humaliza mazungumzo.

Vitu vyenyewe ni vihisi vya mwanga. Kila kimoja ni kipande cha kioo kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kilichopakwa tabaka jembamba la fuwele za jamii inayoitwa perovskaiti. Mwanga ukiligusa tabaka hilo, linatoa umeme kidogo, na kutokana na umeme huo unajua mwanga ni mkali kiasi gani. Vihisi hivi ni rahisi kutengeneza na vinaona vizuri ajabu. Kasoro yao ni moja tu, kwamba vinakufa. Unyevu unaviua, joto linaviua, na mwanga wenyewe, ambao ndio kazi yao, unaviua pia. Kihisi kikiwa hai kina rangi ya kahawia iliyokolea, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Kikifa kinakuwa manjano, na hapo hakuna haja ya daktari kuthibitisha.

Kuna watu wengi duniani wanaohangaika na kifo hicho, kila mmoja na upande wake. Upande wangu ulikuwa gundi. Nilifunika kila kihisi kwa kioo cha pili, nikapaka gundi pembeni kote ili unyevu usipate mlango. Niliamini kwamba adui ni unyevu. Nilikuwa nimeamini hivyo kwa miaka, na imani ya miaka haiondoki kwa sababu tu haizai kitu.

Profesa wangu ni mwanamke wa Meru, wa kule juu kwenye baridi, ambako ukisimama ukingoni unaitazama Isiolo chini ikitetemeka kwa joto. Siku moja aliingia maabara, Nairobi, akatazama trei yangu iliyojaa manjano.

"Peleka nyumbani," akasema. "Tengeneza vingine, upeleke kwenu. Kikiishi Isiolo, kitaishi popote."

Kisha akaongeza, bila kupandisha sauti, kwamba hivyo vitakuwa vya mwisho. Mvua za masika zikianza kabla havijawa manjano, naendelea. Vikiwa manjano, meza yangu ya maabara atapewa mwanafunzi mwingine mwenye mada iliyo hai. Nikamuuliza kama hilo ni onyo. Akasema ni kalenda.

Basi nikaenda nyumbani, mtaa wa Bulla Pesa, Isiolo, msimu wa kiangazi ukiwa ndio unaanza kunoa meno. Mkono mtupu haulambwi, wanasema, na mimi nilifika na mikono iliyojaa vioo visivyolambika. Mama alitazama trei mbili, akatazama nyuma yangu kama kuna mfuko wa sukari unaofuata, kisha akasema karibu.

Mama anauza maziwa ya ngamia sokoni. Maziwa huingia asubuhi kwa pikipiki na pikapu kutoka kwa wafugaji, wanawake wanayapokea, wanayanusa, wanayaonja, wanayagawa, na mengi yanapanda basi kwenda Nairobi kabla ya jua kukasirika. Ni kazi ya pua na ulimi, na ya kusimama. Magoti ya mama yalikuwa yamechoka na kusimama. Kaka zangu wako na mifugo upande wa Kinna, na hata wangekuwa hapa, meza ya maziwa ni ya wanawake. Binti ni mimi peke yangu, na mimi nilikuwa Nairobi nikizuia vioo visife.

Nilipomweleza habari ya kalenda, alifikiri huku akisugua goti.

"Sawa," akasema. "Ikikufa, unarudi. Unakaa kwa meza yangu. Ikiishi, unaenda, na mimi sisemi tena."

Nikakubali. Mpangaji wetu, mama mmoja wa Kiturkana anayekaanga mandazi mbele ya plot yetu ya vyumba vya kupanga, alikuwa hapo akisubiri chenji, kwa hiyo tulikuwa na shahidi. Tangu siku hiyo mama na mimi tukawa tunatazama paa moja, kila mtu na dua yake. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Niliziweka trei juu ya mabati, moja juu karibu na kilele cha paa, nyingine chini karibu na ukingo, zote zikitazama jua. Waya zilishuka hadi chumbani kwangu kwenye kinasa, kisanduku kinachoandika vipimo vya kila kihisi mchana kutwa. Wapangaji waliuliza kama hiyo ni intaneti ya bure. Niliposema hapana, heshima yangu ilishuka kidogo. Nikawakataza wote kuzigusa, maana ndani ya fuwele zile mna madini ya risasi, na risasi ni sumu. Mama nilimkataza mara ya pili, peke yake, kwa sababu namjua.

"Na itasaidia nini?" akauliza.

Nikamweleza kwamba siku moja kihisi kama hiki kinaweza kuangaza maziwa na kusema kama yameongezwa maji. Niliandika hivyo kwenye ombi langu la masomo, kwa sababu kulikuwa na mahali pa kueleza manufaa kwa jamii.

"Mimi niko na pua," akasema mama.

Kila jioni, akirudi sokoni, alisimama uani akainua uso kutazama paa. Hakuweza kuona rangi kutoka pale, kwa hiyo aliniuliza. Nilimpa habari kwa ukweli, kama muuguzi. Wiki za kwanza nilisema zote kahawia. Kisha ikaja siku nikasema kwamba pembe za vihisi kadhaa zimeanza kupauka, juu na chini vilevile.

"Kwa nini?"

"Inaharibika, mama. Nafikiri unyevu unaingia ndani, inaharibika."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda akifukiza gorfa yake, kile chombo cha nyuzi za kusukwa alichopewa na mama yake alipoolewa. Siku hizi maziwa ya biashara yanakaa kwenye madumu ya plastiki na makopo ya alumini, lakini ya kunywa nyumbani yanakaa kwenye gorfa, na gorfa haijazwi kabla ya kufukizwa. Unachukua vipande vya ejersa, mzeituni wa porini, unavichoma mpaka viwe makaa, unavitia ndani, unafunika, unatikisa, unasubiri moshi ushike ukuta. Maziwa yakiingia humo yanakaa siku nyingi bila kuharibika, na yana ladha ambayo mtu wa kwetu akiikosa huko ugenini hulalamika mpaka anachosha watu. Nilimwangalia akifanya kazi hiyo na nikaendelea kufikiria gundi.

Wakati huo kaka yangu mkubwa alikuwa anaposa huko Kinna, na mimi nikatakiwa niende nikasaidie kupika na kutabasamu. Nikakiacha kinasa kikifanya kazi, nikarudia marufuku yangu, nikaondoka. Posa ilichukua muda, maana wazee wa upande ule walikuwa na maswali juu ya ukoo wetu, na majibu yalihitaji kuanzia mbali.

Niliporudi nilinusa kabla ya kuona. Ua mzima ulinukia ejersa. Hilo halikunishtua, ua wetu hunukia hivyo. Kilichonishtua ni ngazi, iliyokuwa imeegemezwa ukutani mahali ambapo mimi sikuiacha. Nikapanda. Trei ya juu ilikuwa kama nilivyoiacha, imepauka zaidi kidogo. Trei ya chini ilikuwa imefunikwa na utando wa hudhurungi, wa mafuta, kama kioo cha taa ya kandili. Kando yake, juu ya mabati, palikuwa na alama ya duara ya sufuria ya moto na majivu kidogo.

Nilikasirika mpaka nikashuka ngazi kwa nyuma nikisahau kuhesabu vipandio. Mama alikuwa jikoni.

"Mama, nani amepanda huko juu?"

"Mimi."

"Umefanya nini?"

"Nimefukiza." Alisema kama mtu anayesema amefagia. "Si ulisema inaharibika? Kitu ikiharibika unaifukiza. Nilifunika na gunia, moshi ikashika vizuri."

Nilimwambia kwamba hiyo si gorfa. Nilimwambia kihisi kazi yake ni kuona mwanga, na yeye amekipaka masizi machoni. Akasema sikio la kusikia analo, nisipige kelele. Nikatoka nikaenda kukaa karibu na karai la mandazi, ambako moshi ulikuwa wa haki.

Nitasema wazi nilichokuwa nikifikiri. Nilifikiri amefanya makusudi. Alitaka nirudi kwenye meza ya maziwa, vihisi vilikuwa vinachelewa kufa, naye akavisaidia. Tena akachagua njia ambayo hakuna mtu wa kwetu angemlaumu, kwa sababu ni nani atamshtaki mama yake kwa kosa la kufukiza? Niliumia, na nilimheshimu kidogo kwa ujanja huo. Siku kadhaa tukawa tunasalimiana vizuri sana, salaam aleikum na aleikum salaam kwa urefu wake wote, kama watu waliokutana ofisini.

Sikuwa na haraka ya kufungua kinasa. Mtu haharakishi kusoma taarifa ya msiba anaoujua. Lakini profesa alitaka vipimo, kwa hiyo nikakiunganisha na kompyuta, nikachora mistari. Mistari ya trei ya juu ilikuwa inateremka kila siku, taratibu, kama mkopaji anayerudi nyuma akielekea mlangoni. Mistari ya trei ya chini iliteremka pamoja nayo mpaka siku ya moshi. Siku hiyo ilianguka ghafla, kama nilivyotarajia, kwa sababu masizi yalikuwa yamezuia sehemu ya mwanga. Baada ya hapo ikalala. Haikushuka tena. Siku baada ya siku, mchana uleule, kipimo kilekile.

Mstari uliolala ndicho kitu nilichokuwa nimekitafuta kwa miaka yote ile. Nikaangalia waya, nikidhani mojawapo imekatika. Waya zilikuwa nzima. Nikamtumia profesa bila maelezo. Akapiga simu kabla sijafunga kompyuta.

"Hii ya chini imelala," akasema. "Umebadilisha gundi?"

"Hapana, Prof."

"Umeweka nini?"

Nikamwambia ni moshi.

"Moshi wa nini?"

Nikamwambia ni ejersa. Ametoka Meru, anajua kibuyu kilichofukizwa kinavyonukia, kwa hiyo hakuuliza kwa nini. Aliuliza ni kiasi gani, kwa muda gani, katika joto gani. Nikamwomba asubiri, nikaenda kumuuliza mama.

"Mpaka inukie," akasema mama.

Nikarudi kwenye simu nikasema mpaka inukie. Profesa akasema kunukia si kipimo, lakini niliisikia kalamu yake.

Nisingependa mtu afikiri kwamba mama aligundua kitu. Alikosea, na sababu zake zilikuwa za maziwa. Kihisi hakina vijidudu vya kufukuza. Lakini na mimi nilikuwa nimekosea, na kosa langu lilikuwa na marejeo chini ya ukurasa. Nilichukua nusu ya trei ya chini nikaifuta kwa spiriti mpaka kioo kikang'aa. Nusu nyingine nikaiacha na uchafu wake. Baada ya muda mfupi ile niliyoifuta ilianza kupauka pembeni, ikifuata njia ya wenzake wa juu, na ile chafu ikabaki kahawia. Gundi ni ileile, hewa ni ileile, joto la mabati ni lilelile ambalo kuku wetu walikuwa wanalikimbia. Kilichotofautiana ni mwanga tu, hasa ile miale mikali ya urujuanimno ambayo jicho haliioni na ambayo utando wa hudhurungi unainywa. Adui aliingia kila siku kupitia kioo, mchana kweupe, huku mimi nikilinda milango ya pembeni. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa nimeziba nyufa zote, na ukuta ukaanguka hata hivyo.

Mambo yaliyofuata hayasisimui. Masizi hayafai kwenye kifaa, yanakula na mwanga unaohitajika. Profesa akanitumia kwa basi karatasi nyembamba ya plastiki inayozuia miale hiyo na kuacha mingine ipite. Nikaibandika juu ya vihisi vipya alivyovituma pamoja nayo, nikaweka trei yake kando ya ile ya moshi. Mistari yake ililala, tena juu zaidi. Mistari ya vile vichafu nayo ikaendelea kulala huko chini, haina habari. Wingu la kwanza la masika lilipoonekana upande wa mlima, profesa alisema meza ni yangu.

Nikamwambia mama jioni hiyo. Alikuwa ameketi, miguu ameinyoosha, ananusa mfuniko wa dumu kwa mazoea tu.

"Imeishi," nikasema.

"Alhamdulillahi. Mlitumia mti gani?"

"Si mti, mama. Ni plastiki."

"Hata maziwa siku hizi ni plastiki," akasema, akaweka mfuniko chini.

Tungeishia hapo, na mimi ningeondoka nikiamini kwamba nimemshinda. Lakini asubuhi ya safari nilipita kununua mandazi ya njiani, na mpangaji wetu, akiwa anageuza karai, akauliza hali ya goti la mama.

"Liko vilevile," nikasema.

"Ile siku liliumia sana. Mimi ndiyo nilishika ngazi. Alifukiza ile ya chini ikaisha, akasema sasa ya juu. Nikamwambia mama wacha, wewe ni mzee. Akakataa. Akapanda tena na sufuria ya moto kwa mkono, goti ikakataa hapo katikati. Hawezi panda, hawezi shuka. Nikaita watu ya hapa plot, tukamtoa." Akanihesabia mandazi kwenye gazeti. "Alilia. Si ya goti. Alikuwa anasema ile ya juu itakufa."

Nilibaki nimeshika gazeti lenye joto. Nilimtazama mama uani, akifunga kamba ya gorfa, na nikajisikia mjinga mzima, mwenye shahada.

Nikarudi nikakaa chini, karibu na miguu yake.

"Mama, ulijua zikiishi sitarudi."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ukapanda?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanateremka.

"Ni maziwa yako, intala," akasema. Kwetu intala ni binti. "Nani anawacha maziwa ya mtoto yake iharibike na moto iko?"

Basi la Nairobi lilikuwa linapiga honi, lile lile linalobeba madumu. Nikapanda, nikalia mpaka karibu na Timau, kule juu kwenye baridi, na abiria wa pembeni akafunga dirisha akidhani ni baridi.

Meza ya maziwa aliichukua binti wa jirani, msichana mwenye pua nzuri, kwa maneno ya mama mwenyewe. Mama hakustaafu. Nilipokwenda Idi iliyofuata nilimkuta sokoni, amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya msichana, anarudia kunusa kila dumu ambalo msichana amekwisha kulinusa. Wanawake wenzake walikuja kunisalimia. Kila mmoja wao ana mtoto wa kumtaja, daktari wa ng'ombe, mwalimu, mmoja yuko Uarabuni, na kwa kawaida mama alikuwa akisikiliza tu.

Siku hiyo alinishika mkono akaniinua ili wanione vizuri.

"Huyu ndiyo yule yangu," akawaambia. "Huyu hakurudi."